Ndugu wa Bwana walikuwa ndugu kwa vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mlutheri, mke wangu ni Mkatoliki, na kila tukifika Marko 6:3, panapotajwa ndugu za Yesu, chakula kinapoa mezani. Mimi nasema Yakobo, Yose, Yuda na Simoni ni watoto wa Mariamu kwa sababu imeandikwa "ndugu". Yeye ananijibu kwamba hata mtoto wa baba yangu mdogo namwita ndugu, na tena Wakristo wa kwanza walikuwa wakiitana ndugu wote. Baadaye nikasoma kwamba Hegesippus, mwandishi wa karne ya 2, alimwita Yakobo ndugu wa Bwana na Simeoni binamu yake. Je, hapo kesi haijaisha? Na kuna kanuni gani ya kujua lini neno la ukoo katika maandishi hayo ni damu, na lini ni heshima au imani tu? Halafu, lile sanduku la mifupa lenye jina la Yakobo lina uzito gani?

Jibu: Marahaba. Swali lako lina kesi mbili ndani yake, moja ya neno na moja ya familia, na nadhani mnakwama kwa sababu mnazisikiliza kwa pamoja. Nianze na ya neno. Kanuni ya kukariri hakuna. Neno la ukoo likisimama peke yake halikupi uhakika wowote. Unachopaswa kutazama ni aina ya maandishi uliyoshika, nani anamwandikia nani, na, zaidi ya yote, kama mwandishi huyo huyo analo neno jingine analoliweka pale anapotaka kutaja jamaa wa aina nyingine.

Chukua barua moja ya kawaida kabisa, isiyo ya dini. Tarehe 17 Juni mwaka 1 KK mtu aitwaye Hilarion, aliyekuwa Alexandria kikazi, aliandika nyumbani kwake Oxyrhynchus, huko huko Misri. Barua hiyo ya mafunjo, yaani karatasi ya kale ya matete, ipo hadi leo. Inaanza kwa kumsalimu "dada yake" Alis. Ukiendelea kusoma unakuta Alis ni mjamzito. Hilarion anamwagiza kwamba akijifungua mtoto wa kiume amlee, akiwa wa kike amtupe. Kisha anamtuliza: umetuma neno nisikusahau, nitawezaje kukusahau? Alis ni mkewe. Kumwita mke "dada" kulikuwa mapenzi ya kawaida katika barua za Misri ya wakati ule.

Ila mambo hayaishii hapo, kwa kuwa katika Misri ya enzi za Warumi kulikuwa na watu walioowana kaka na dada wa tumbo moja, na hilo si uvumi. Fomu za sensa zenyewe zinasema: mke wangu, ambaye ni dada yangu wa baba mmoja na mama mmoja. Kwa hiyo ukiniuliza kama Alis alikuwa pia dada wa damu wa Hilarion, barua haisemi. Karani wa sensa angetuambia, kwa sababu kazi yake ilikuwa kodi na urithi, na kodi haitaki maneno ya mapenzi. Hapo ndipo wataalamu wa mafunjo wanapoanzia: hati ya kisheria hubana maneno, barua huyalegeza. Ukikuta "wa baba mmoja na mama mmoja" umepata damu. Ukikuta "ndugu" tupu kwenye salamu, umepata adabu tu mpaka jambo jingine lithibitishe zaidi.

Wakristo walilirithi neno hilo likiwa tayari limelegea, nao wakalilegeza zaidi. Tertuliani wa Karthago, akiandika karibu mwaka 197, anasema wapagani wanawachukia kwa sababu tu wanaitana ndugu. Katika mjadala ulioandikwa na Minucius Felix, msemaji wa upande wa wapagani anakwenda mbali zaidi: anadai kwamba Wakristo wanaitana kaka na dada ili uzinzi wa kawaida ugeuke kuwa zinaa ya maharimu. Kwa hiyo mkeo hakukosea aliposema waliitana ndugu wote. Walioona utata huo kwanza ni majirani zao.

Lakini utata huo una mipaka, na mpaka mzuri kuliko yote uko katika mstari mmoja wa Paulo, 1 Wakorintho 9:5. Ufungue katika Union Version: "Je! Hatuna uwezo wa kuchukua pamoja nasi mke aliye ndugu, kama wao mitume wengine, na ndugu wa Bwana, na Kefa?" Neno "ndugu" limo mara mbili katika sentensi moja. La kwanza ni la imani: mke aliye ndugu maana yake ni mke Mkristo. La pili haliwezi kuwa la imani. Kama "ndugu wa Bwana" ni waumini, basi mitume nao ni ndugu wa Bwana, Kefa naye ni ndugu wa Bwana, na Paulo hana sababu ya kuwataja kama kundi la tatu. Anawataja kwa sababu Wakorintho walijua ni watu gani: jamaa wa Yesu waliokuwa wakisafiri na wake zao. Kilicholibana neno ni vitu viwili vidogo, yaani lile "wa Bwana" na ile orodha linamokaa. Wagalatia 1:19 inafanya vivyo hivyo kwa mtu mmoja: Paulo alimwona Yakobo, ndugu yake Bwana, na kwa jina hilo tu akamtofautisha na akina Yakobo wengine.

Kisha kuna Josephus, Myahudi ambaye hakuwa na sababu ya kutumia lugha ya kanisani. Katika kitabu cha 20 cha historia yake ya Wayahudi anasimulia jinsi kuhani mkuu Anano, mwaka 62, alivyotumia nafasi ya liwali mmoja kufa na mwingine kuwa bado njiani, akamshtaki mtu na kumpiga mawe. Mtu huyo anamtaja kuwa ndugu wa Yesu aitwaye Kristo, jina lake Yakobo. Hakuna imani hapo, ni utambulisho wa kiukoo. Kwa hiyo ile hoja ya kuitana ndugu kwa imani, kuhusu Yakobo na wenzake, iweke kando. Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti hawagombanii hilo.

Kinachobaki ni ukaribu wa ukoo huo, na hapa kesi ya pili inaanza. Majibu ya kale ni matatu. Helvidius, aliyeandika Roma miaka ya 380, alisema ni watoto wa Yusufu na Mariamu waliozaliwa baada ya Yesu. Epifanio, askofu wa Salamis, katika miaka ya 370, alisema ni watoto wa Yusufu kwa mke wa kwanza aliyefariki. Jeromu, mtafsiri mashuhuri wa Biblia kwa Kilatini, akimjibu Helvidius mwaka 383, alisema ni watoto wa dada yake Mariamu, yaani binamu. Jibu la Epifanio ni la zamani kuliko yeye. Origene, mwanazuoni Mkristo wa karne ya 3, anasema walioshika rai hiyo waliitoa katika Injili ya Petro au katika Kitabu cha Yakobo, maandishi yasiyomo katika Biblia. Na kweli, katika kitabu hicho cha karne ya 2 Yusufu anajitetea mbele ya kuhani: mimi nina wana, tena ni mzee, huyu ni binti mdogo.

Hoja kubwa ya upande wa Jeromu ni ya Agano la Kale, nayo ndiyo mkeo anayoitumia kwa Kiswahili. Abramu anamwambia Lutu "sisi tu ndugu" (Mwanzo 13:8) na Lutu ni mtoto wa kaka yake. Labani anamwita Yakobo "ndugu yangu" (29:15) na Yakobo ni mtoto wa dada yake. Katika 1 Nyakati 23:22 mabinti wa Eleazari wanaolewa na "ndugu zao", wana wa Kishi, ambao ni watoto wa baba yao mdogo. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki waliandika *adelfos*, ndugu, katika sehemu hizo zote.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini itazame kwa karibu. Kabla Lutu hajaitwa ndugu, msomaji ameshaambiwa mara mbili kwamba ni mwana wa Harani, ndugu yake Abramu. Labani na Yakobo vivyo hivyo, sura nzima imeeleza Rebeka ni nani. Nyakati nayo imetaja kwanza kwamba Eleazari na Kishi ni wana wa Mahli. Kila mara neno pana linatumika pale ambapo undugu halisi umeshawekwa wazi. Marko hatupi ufafanuzi wa namna hiyo. Anataja majina manne, anataja dada zao, anapita. Tena mifano yote hiyo ni Kigiriki kilichotafsiriwa kutoka Kiebrania, ilhali Paulo alikuwa akiandika Kigiriki chake mwenyewe, na Kigiriki kilikuwa na neno la binamu, *anepsios*. Waraka kwa Wakolosai unalitumia kumtaja Marko na uhusiano wake na Barnaba.

Wakolosai 4:10 inastahili kituo kidogo. Union Version inasema "Marko, mjomba wake Barnaba". Umesoma hivyo maisha yako yote, sivyo? Habari Njema imeweka binamu, na hiyo ndiyo maana ya Kigiriki. Watafsiri wa Union walifuata kawaida ya zamani ya kuwafanya hao wawili mjomba na mpwa, na Kiswahili cha kale kilikuwa radhi kutumia "mjomba" kwa pande zote mbili. Msomaji wa leo anatoka hapo akidhani Marko ndiye mkubwa. Nakutajia hili kwa sababu sisi Waswahili tuna raha ya hatari katika mjadala huu. Tunalo "ndugu" pana, tunao baba wakubwa na baba wadogo, na Tanzania tumeishi miaka mingi ambapo mwenyekiti wa kijiji na waziri wote walikuwa Ndugu fulani. Basi tunajiona tuko karibu na Nazareti kuliko Mjerumani. Huenda tuko karibu na Kiebrania cha Mwanzo. Lakini upana wa "ndugu" wetu si ushahidi wa upana wa *adelfos* ya Marko, kama ambavyo ufinyu wa maneno ya Kizungu si ushahidi wa ufinyu wake.

Basi *adelfos* ya Marko ilikuwa pana kiasi gani? Usiende mbali, baki sura ile ile ya 6. Mstari wa 17 unasema Herode alimwoa Herodia, mke wa Filipo "ndugu yake". Herode huyo na nduguye walikuwa wa baba mmoja na mama tofauti. Marko hakuona haja ya kusema "wa baba mmoja tu". Kwa hiyo mistari kumi na minne baada ya ile mnayogombania, mwandishi yule yule anatumia neno lile lile kwa ndugu wasiochangia mama. Hilo halithibitishi kwamba akina Yakobo ni watoto wa mke mwingine. Linathibitisha tu kwamba sentensi yako, "imeandikwa ndugu, basi ni wa Mariamu", ina pengo katikati.

Pengo hilo linaongezeka ukimsoma Luka, ambaye anasimulia kuzaliwa na bikira na bado anamwita Yusufu baba wa Yesu. Mariamu mwenyewe anasema "baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta" (2:48). Kama Yusufu anaitwa baba kwa sheria na malezi, watoto wake wa kwanza, kama alikuwa nao, wangeitwa ndugu bila kulinyoosha neno hata kidogo. Watu wengi husahau jambo hili: kwa upande wa lugha, jibu la Epifanio halihitaji utetezi wowote maalumu. Tatizo lake liko kwingine. Kitabu kinacholibeba kiliandikwa kwa nia ya kumsifu Mariamu, nacho kinasimulia mengine mengi yanayomfanya mwanahistoria akune kichwa.

Sasa Hegesippus, na hapa nitakaa, kwa kuwa wewe ulidhani amemaliza kesi. Vitabu vyake vitano vimepotea. Tulichonacho ni vipande ambavyo Eusebius wa Kaisarea alivinakili mwanzoni mwa karne ya 4. Katika vipande hivyo Yakobo anaitwa ndugu wa Bwana. Simeoni mwana wa Klopa, aliyemfuata katika uongozi wa kanisa la Yerusalemu, anaitwa *anepsios*, binamu. Eusebius anaongeza kwamba, kwa maelezo ya Hegesippus, Klopa alikuwa ndugu yake Yusufu. Hoja yako basi ni nzuri: mtu aliyekuwa na maneno mawili na kuyatumia kwa watu wawili tofauti wa familia moja, bila shaka aliona tofauti kati yao. Naikubali. Nadhani ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya jibu la binamu.

Ila kuna sentensi moja inayowasumbua watu. Nikiifuata neno kwa neno inakwenda hivi: baada ya Yakobo Mwenye Haki kuuawa shahidi kwa sababu ile ile kama Bwana, tena yule wa kutoka kwa mjomba-au-ami yake, Simeoni wa Klopa, akawekwa askofu, ambaye wote walimtanguliza akiwa binamu wa Bwana wa pili. Angalia vifundo. Cha kwanza ni "mjomba-au-ami". Kigiriki kina neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Sisi Kiswahili kinatulazimisha kuchagua, na tukichagua tumeshatafsiri zaidi ya kilichoandikwa. Cha pili ni "yake": ami wa nani, wa Yakobo au wa Bwana? Kama ni wa wote wawili, basi Yakobo na Yesu wako upande mmoja wa familia na Simeoni upande wa pili, jambo ambalo linakubeba wewe. Cha tatu ni "wa pili" lililoachwa mwisho wa sentensi. Wengi wanalisoma pamoja na uaskofu: walimweka kuwa wa pili kwa kuwa alikuwa binamu. Wanaomtetea Jeromu wamelisoma pamoja na binamu: alikuwa binamu wa pili, maana yake Yakobo alikuwa binamu wa kwanza. Sarufi inaruhusu. Mimi naona usomaji wa kwanza una nguvu zaidi, kwa sababu sentensi nzima ni ya kurithishana uongozi, na pia kwa sababu Hegesippus mahali pengine hamwiti Yakobo binamu hata mara moja.

Huyu huyu Hegesippus ndiye aliyetuachia kisa cha wajukuu wa Yuda, "aliyesemekana kuwa nduguye kwa jinsi ya mwili". Walipelekwa mbele ya kaisari Domitian kwa kuwa walikuwa wa ukoo wa Daudi. Akawauliza mali yao. Wakasema ni dinari 9,000 kwa wote wawili, tena si fedha taslimu bali ni thamani ya shamba la plethra 39 (kipimo cha Kigiriki cha eneo) wanalolilima wenyewe na kulilipia kodi. Wakamwonyesha mikono yao yenye sugu. Akawaona si kitu, akawaachia. Kwa hoja yetu kinachohesabika ni maneno "kwa jinsi ya mwili". Hegesippus alijua kwamba "ndugu" tupu katika kanisa lingeweza kueleweka kwa imani, akaongeza neno la kulibana, kama karani wa sensa na "mama mmoja" yake. Wapo wanaoning'inia kwenye lile "aliyesemekana" na kuona shaka ndani yake. Labda. Inaweza pia kuwa namna tu ya kusema "aliyejulikana kama".

Jeromu alihitaji kitu kingine, msalaba wa Yohana 19:25. Union Version: "mamaye, na umbu la mamaye, Mariamu wa Klopa, na Mariamu Magdalene". (Umbu kwa wazee wa pwani ni ndugu wa jinsia nyingine, kaka kwa dada na dada kwa kaka, kwa hiyo "umbu la mamaye" lingewafanya watafute mwanamume pale msalabani. Tuliache hilo.) Wanawake hao ni watatu au wanne? Kama "Mariamu wa Klopa" ndiye huyo umbu, ni watatu, na Mariamu ana dada mwenye jina lake lile lile. Kama ni mtu mwingine, ni wanne. Tafsiri ya kale ya Kisiria, Peshitta, imetia "na" katikati, ikapata wanne. Jeromu alihitaji watatu, ili Mariamu huyu awe dada wa mama yake Yesu, kisha awe ndiye yule mama wa Yakobo mdogo na Yose anayetajwa katika Marko 15:40, kisha Yakobo huyo awe ndiye ndugu wa Bwana. Mnyororo wa pete tatu, na kila pete ni "huenda".

Tena "wa Klopa" ni mke, binti au mama wa Klopa? Kigiriki hakisemi, sawasawa na a-unganifu yetu, ile "wa" ya kuunganisha majina. Ukisikia "Asha wa Juma" mtaani, bila kuwafahamu huwezi kujua. Utata huo huo uko kwa mtume "Yuda wa Yakobo" katika Luka 6:16. Kawaida ya Kigiriki hapo ni kuelewa "mwana wa", lakini watafsiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliandika ndugu, wakiongozwa na waraka wa Yuda, ambako neno ndugu limeandikwa waziwazi. Na Injili ya Filipo, andiko lisilomo katika Biblia lililopatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, inafurahisha zaidi. Inataja akina Mariamu watatu waliotembea na Bwana: mama yake, dada wa mama, na Magdalena. Sentensi inayofuata inasema dada *yake*, mama yake na mwenzi wake wote waliitwa Mariamu. Katika mistari miwili mama mdogo amegeuka dada. Nikiona mtu anajenga familia nzima juu ya sentensi hiyo, huwa nafunga kitabu.

Hoja mbili za kwako nizipitie haraka, maana najua utazileta. "Mzaliwa wa kwanza" katika Luka 2:7 haimaanishi alikuwepo wa pili. Kuna jiwe la kaburi la mwanamke Myahudi wa Misri aitwaye Arsinoe, la mwaka 5 KK, linalosema alifariki akimzaa mtoto wake wa kwanza. Wa pili hakuwepo na hangekuwepo. Na "asimjue kamwe hata alipomzaa mwanawe" ya Mathayo 1:25 haikuambii kilichotokea baadaye. Mikali binti Sauli hakuwa na mtoto "hata siku ya kufa kwake". Kwa upande wa pili, ile hoja kwamba Yesu asingemkabidhi mama yake kwa mwanafunzi kama angekuwa na wana wengine nayo haina nguvu inayopewa, kwa kuwa Yohana 7:5 imeshasema ndugu zake hawakumwamini.

Mnapobishana kumbukeni pia kwamba Jeromu na Helvidius hawakuwa wanagombania ukoo. Helvidius alikuwa akitetea ndoa: mama wa Bwana alikuwa bikira kisha mke mwenye watoto, kwa hiyo mke si duni kuliko bikira. Jeromu alikuwa akitetea ubikira. Maneno ya ukoo yalikuwa silaha. Helvidius alimwita Tertuliani kuwa shahidi, na Jeromu akajibu kwamba Tertuliani hakuwa mtu wa Kanisa, jibu ambalo halikanushi ushahidi wenyewe. Na wewe Mlutheri, kabla hujamshinda mkeo kwa jina la Matengenezo, ujue kwamba Martin Luther alishikilia kwamba Mariamu alibaki bikira daima, na Zwingli wa Zürich vilevile. Mpaka wa mabishano haya haukupita kila mara pale unapopita sasa mezani kwenu.

Kwa maneno mengine ya ukoo, njia ni ile ile. "Marko mwanangu" katika 1 Petro 5:13, ndani ya salamu za kanisa, ni mwanafunzi mpaka upate sababu ya kusema zaidi. Onesimo, "mtoto niliyemzaa katika vifungo", hawezi kuwa wa damu, vifungo vyenyewe vimekataa. "Mama yake na wangu" wa Warumi 16:13 ni mama wa Rufo kwa damu na wa Paulo kwa ukarimu, na utamu wa sentensi uko hapo hapo. Androniko na Yunia, "jamaa zangu" katika sura hiyo hiyo, ni wagumu zaidi: Warumi 9:3 Paulo ametumia neno hilo kwa Wayahudi wote, kwa hiyo mimi nawasoma kama Wayahudi wenzake. Lakini mtoto wa dada yake Paulo katika Matendo 23:16 ni mpwa kweli, kwa kuwa hayo ni masimulizi, na hakuna aliyewahi kumwita mtu "mtoto wa dada yangu" kwa heshima ya ibada.

Kwa hiyo nikitakiwa kuandika pembezoni mwa Marko 6:3, ningeandika: ndugu wa nyumba moja, tumbo halikutajwa. Kwa lugha peke yake mzigo wa Helvidius ni mwepesi kuliko wote, wa Epifanio unamkaribia sana, na wa Jeromu ni mzito, ingawa si wa kuvunja mgongo. Mkeo akikuambia Kanisa lake halikujenga juu ya sarufi fundisho la kwamba Mariamu alibaki bikira daima, amesema kweli, na hapo sarufi haina la kumjibu.

Kuhusu sanduku: lilitangazwa Oktoba 2002, la mawe, lina maandishi ya Kiaramu, "Yakobo mwana wa Yusufu, ndugu wa Yesu". Mwaka 2003 kamati ya Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli ilisema maandishi ni ya kughushi. Kesi ikaenda mahakamani Yerusalemu na mwaka 2012 mshtakiwa akaachiwa katika shtaka la kughushi. Hakimu alisema upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa. Hakusema maandishi ni ya kweli. Majina yote matatu yalikuwa ya kawaida mno katika Yerusalemu ya wakati huo, ingawa kumtaja ndugu wa marehemu juu ya sanduku la mifupa ni nadra. Tuseme hata ni halisi na ni Yakobo huyu: "mwana wa Yusufu" lingemwangusha Jeromu, lakini Helvidius na Epifanio wangebaki wamesimama, kwa sababu jina la mama halikuandikwa.